Mbuzi Waliogeuka Madimbwi

Nimepita miji mingi tangu nitoke Butembo. Bunia, Kampala, Arua, Lubumbashi, na kila mji una kijana wake aliyekaa mbele ya kompyuta akiapa kwamba karte ya picha ya marque fulani, yaani ya kampuni fulani, huufanya mchezo uwe mzuri kuliko karte ya marque nyingine. Ananiita nije nione. "Tazama kivuli, mzee. Tazama nywele." Natazama. Naona mtu anakimbia na bunduki. Nikimwambia sioni kitu ananihurumia, kana kwamba nimemwambia sijui kusoma. Basi namwachia huruma yake naenda zangu. Ugomvi huo ulitosha nyumbani kwetu zamani, na nusura unikoseshe shemeji.

Kaka yangu mkubwa, ambaye nilimwita yaya kama kila mtu anavyomwita mkubwa wake kule kwetu, alikuwa na chumba cha michezo huko Bulengera, mtaa wetu wa Butembo. Ilikuwa sebule ya marehemu baba: kompyuta moja nzuri, nyingine mbovu, mabenchi, na groupe ya umeme, yaani jenereta, iliyonguruma nyuma ya jiko mpaka mama akazoea kuongea kwa kelele hata tukiwa tumeizima. Vita vilikuwa vimekaa kama mgeni asiyeaga. Mwezi huu mji uko mikononi mwa hawa, mwezi ujao wale. Njia za mashambani hazikuaminika, vijana hawakuwa na pa kwenda, kwa hiyo walikuja kwetu kushindana kwa magari ya kwenye skrini. Mimi nilikuwa nimemaliza secondaire na sina kazi. Nilijaza essence kwenye groupe na kuwafukuza watazamaji dirishani.

Yaya alikuwa na mchumba, binti mshonaji wa Mbau. Sisi Wakatoliki, wao Waprotestanti, na jambo hilo peke yake lilitumalizia sukari ya nyumba kwa vikao. Mwishowe pande zote zikakubali. Yalibaki mahari, na mahari kwetu ni mbuzi. Walikuwepo. Mama alikuwa amewakusanya kidogo kidogo akawaweka kwa dada yake upande wa Lubero.

Kisha ikaja habari kwamba watu wenye silaha wamepita kijiji cha jirani na kula mbuzi wote. Yaya hakulala. Alikwenda Lubero, akawauza mbuzi wetu kabla hawajaliwa, na hapo bado nilimwona ana akili. Miaka ile kila mtu alitaka mali ya kukimbia nayo. Wengine walinunua dhahabu, wengine vitenge. Mbuzi hafichiki, anapiga kelele. Lakini yaya hakununua dhahabu wala vitenge. Alimtuma mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akienda Kampala, naye akamletea boksi lenye picha ya mjusi mwenye mabawa. Ndani mlikuwa na karte, kile kipande cha kompyuta kinachochora picha kwenye skrini.

"Mbuzi iko fasi gani?" mama aliuliza, akichungulia uani kuwatafuta.

"Njo hii, mama."

Mama aliigeuza, akainusa. "Hii inazalaka batoto?"

"Mama, hii iko na maji. Marque ingine haina! Mvua ikinyesha mu mchezo, maji inabaki mu barabara, unaona mbingu ndani. Batoto ya Butembo yote batakuja kwetu."

"Maji ya mto Kimemi iko bure," mama alisema, akarudi jikoni.

Tukaifunga ndani ya kompyuta ile nzuri. Wateja wakaja, wakacheza, wakaondoka, na hakuna aliyeyataja maji. Yaya akaanza kuwauliza mmoja mmoja. Mmoja, dereva hodari kuliko wote, alimjibu huku akikata kona, bila kuondoa macho kwenye skrini: "Masta, acha mambo ya maji, niko mu virage!" Yaya akasema hao ni washamba. Asubuhi alinieleza maji, mchana maji, wakati wa kula fufu maji. Nilimwambia sioni tofauti. Akasema nina wivu. Wivu wa madimbwi!

Habari ikafika Mbau. Baba mdogo wa binti, aliyekuwa akisema kwa niaba ya familia kwa kuwa baba mzazi alikwisha kufa, akafunga safari mpaka Bulengera pamoja na binti mwenyewe. Alikuwa mkulima wa maneno machache. Mama alimpa chai, mzee akashukuru, "Wasingya," akakiweka kikombe gotini bila kunywa.

"Banasema mbuzi ya mutoto yangu iko mu kompyuta. Nimekuja kuiona."

Yaya hakuona haya hata kidogo. Alifurahi! Akaketi mbele ya mchezo, mimi nikapewa kazi ya kuizima ile sifa ya maji na kuiwasha, ili wageni walinganishe. "Sasa imezimwa," nilitangaza. "Sasa imewashwa." Yaya aliendesha, akapunguza mwendo, na alipofika kwenye dimbwi akasimamisha gari kabisa. Magari mengine yakampita.

"Kijana, juu ya nini unasimama? Benzako banakupita."

"Ninasimama mupate kuona maji, papa."

"Na kama husimame?"

"Utapita mbio, hutaiona."

"Donc, basi, ni kitu ya kuonekana na mutu mwenye kushindwa."

Dirishani walicheka mpaka nikashindwa kuwafukuza. Mzee akasogeza uso karibu na skrini. "Tena hii ni maji ao ni chai?"

Binti akaomba ajaribu. Hakuwahi kushika kompyuta, lakini alikuwa mtu wa cherehani, mikono yake haikuogopa mashine. Aligonga ukuta, akarudi barabarani, akampita mmoja, akampita mwingine. Yaya alimwinamia begani kama mwalimu wa katekisimu. "Umeona maji? Pale! Umeona?"

"Maji gani?"

Mzee akasimama. Alisema hana hasira, na kweli hakuwa nayo, jambo lililotutisha zaidi. Kama hicho kitu kina thamani, kiuzwe kirudi kuwa mbuzi kabla ya mavuno ya maharagwe. Mbuzi wakikosa kufika Mbau, kuna familia nyingine iliyokwisha kubisha mlango, nayo haina kompyuta. Binti alimtazama yaya namna ambayo mimi, ningekuwa yeye, ningeiuza karte ile jioni ile ile.

Yaya alichelewa. Alisema anatafuta mnunuzi anayeelewa. Maharagwe yakaanza kukauka shambani, naye bado anatafuta mtu wa kuelewa! Mwishowe mimi ndiye niliyesikia habari za mtu wa Beni mwenye duka la kompyuta na chumba cha michezo. Nikampandisha yaya kwenye lori karibu kwa nguvu. Alikuwa ameifunga karte tumboni chini ya shati, ndani ya plastiki. Kwenye kizuizi askari walitushusha, wakapekua mifuko, wakachukua kuku wa mwanamke mmoja, wakaturuhusu.

"Umeona?" yaya aliniambia tulipopanda tena. "Mbuzi ingepita hapa?"

Ningeweza kumsukuma nje ya lori, hasa kwa kuwa alisema kweli.

Binti, niliyempelekea habari, alikuwa ametangulia kutoka Mbau, tukamkuta kwenye duka lile. Mwenye duka, mtu mnene mwenye utani, aliitazama karte kwa mashaka. "Masta, karte ni karte. Yote inachora tu." Lakini akaifunga, akaweka mchezo ule ule, barabara ile ile ya mvua, kwenye skrini yake mpya iliyotoka Dubai.

Kitu cha kwanza nilichoona kilikuwa mbingu. Ilikuwa ya buluu. Mchezo ule niliujua kama njia ya kisimani kwetu na sikuwahi kuona buluu ndani yake. Nikaelewa, na nikachoka kabisa. Skrini yetu ya Bulengera, tuliyoinunua katika bureau, ofisi iliyokuwa imefungwa, ilikuwa imepoteza buluu siku nyingi. Kila kitu kilikuwa rangi ya chai, nasi macho yetu yakazoea. Kaka yangu alikuwa ameuza mbuzi ili mbingu ionekane majini, akaunganisha karte kwenye skrini isiyo na mbingu. Na miezi yote ile tulitukanana kwa sababu ya macho!

Lazima niseme ukweli, ingawa unaniudhi mpaka leo. Tofauti ilionekana. Nilipoizima ile sifa, ilikuwa barabara ya kijivu inayong'aa kama bati. Nilipoiwasha, ilikuwa barabara baada ya mvua. Mawingu yalilala kwenye madimbwi, miti ilisimama kichwa chini, na gurudumu likipita vyote vilivunjika kisha vikarudi. Hata bila kusimama uliona.

"Ah!" alisema mwenye duka. "Hii ninachukua. Sema bei."

Yaya akaweka mkono juu ya kompyuta ya mtu. "Hapana. Siuzishe tena. Shida ilikuwa écran. Nitatafuta écran."

Nilipiga kelele. Nilimwita majina ambayo mama asingependa kuyasikia. Nilimuuliza hiyo écran, hiyo skrini mpya, ataipata kwa mbuzi gani, au sasa atauza nyumba, au atamuuza mama? Mwenye duka akasema, "Pole pole, banafamilia," lakini alikuwa akifurahia. Yaya hakunisikia. Alikuwa akimtazama binti, ambaye hakugeuka muda wote ule. Alikuwa ameinamia skrini, mikono magotini, akifuata gari lililojiendesha lenyewe dimbwi hadi dimbwi.

"Nimeona," alisema. "Ni muzuri kabisa. Haukunidanganya."

Yaya akatabasamu kama mtu aliyeshinda kesi.

"Sasa uzisha."

Akauza. Binti alizipokea pesa yeye mwenyewe kutoka mkononi mwa mwenye duka, akazifunga kwenye pindo la kitenge, akasema mbuzi atawachagua huko huko Mbau na baba yake mdogo, maana yaya akipewa nafasi atapita fasi ingine, arudi na boksi lingine. Akapanda pikipiki akaenda.

Kwenye lori la kurudi yaya alianza: écran kama ile, kwa mtu mwenye subira, inaweza... Nikamwambia akitaja neno hilo tena kabla ya harusi, nashuka pale pale porini. Akajifunika koti usoni, nikadhani amesinzia. Kisha akaniuliza kama niliisikia sauti ya kompyuta ya yule bwana, jinsi mvua ilivyosikika kutoka pande zote mbili.