Kanzu ya Mlango wa Mbele

Kituo cha afya cha mtaani kwetu hapa Malindi kina milango miwili na uongo mmoja. Uongo umeandikwa kwa rangi ya buluu juu ya lango: huduma zote chini ya paa moja. Kifua, kisukari, kliniki ya wajawazito, maradhi ya akili, uraibu, vyote pamoja. Siku ya kuuzindua walipiga hema, wakanywa soda, wakapigana picha, wakaenda zao. Paa ni moja kweli, sibishi. Ila chini yake walijenga ukuta, na kwa nyuma wakatoboa mlango unaotazama jaa la taka. Huo ndio mlango wa mateja, waraibu wa heroini.

Mdogo wangu ni mtu wa mlango huo. Alivuta unga miaka mingi, akauza hadi sufuria za mama, nami nilimlaani kwa kila laana niijuayo. Kisha akajipeleka mwenyewe bila kushikwa mkono na mtu, akaanza methadoni, dawa ya kunywa inayomkinga mtu na alosto, yale mateso ya mwili unapokosa unga. Kila asubuhi alinyweshwa kikombe chake mbele ya sista, akarudi nyumbani kunywa chai. Nami nikaanza kuacha jiko bila kufuli.

Halafu akaanza kukohoa. Akakonda, akawa analowesha shuka kwa jasho hata wakati wa kusi. Alipokwenda mlango wa mbele, bawabu hakumuuliza anaumwa nini. Alimtazama ndara zake na ngozi yake, akanyoosha kidole. "Wa nyuma, nyuma!" Akazunguka. Sista wa nyuma naye akamwambia, "Hapa ni methadoni tu. Kifua ni mbele." Akarudi mbele, akafukuzwa tena. Na ukutani, pale wanapokaa wagonjwa wa heshima, wamebandika karatasi kubwa: mficha maradhi kifo humuumbua. Wasomi hao! Mwenye kuyaficha wanamhubiria, na aliyekuja kuyasema mwenyewe wanampeleka jaani.

Basi nikafungua sanduku la marehemu baba. Nikatoa kanzu, nikaifua, nikaipiga pasi, nikaifukiza udi mpaka nyumba nzima ikanukia harusi. Nikamvika mdogo wangu, na kofia ya vito juu. Bawabu yule yule, mtu mwenye mvi zake, alituona tunakuja akainuka kitini.

"Shikamoo, sheikh. Karibu, pita ndani."

"Marahaba," akajibu mdogo wangu, na kikohozi kikambana hapo hapo.

Hakuna aliyetufukuza. Watu walisogea wakatupisha benchi. Kumbe ugonjwa ulikuwa ni ndara.

Daktari wa mbele alikuwa kijana, koti lake jeupe limenyooka. Makohozi yakapimwa, ikaonekana ni kifua kikuu. Alipoanza kutoa maelezo ya vidonge, mdogo wangu akamwambia kwa adabu, "Daktari, na mie nanywa methadoni hapo nyuma."

Daktari aliitazama kanzu, akanitazama mimi, akafunga kalamu. "Hayo ni ya nyuma, mzee. Mimi nashughulika na kifua."

Nilimdharau tangu saa hiyo, na sijaacha.

Vidonge havikumaliza wiki mbili, alosto ikarudi. Mtu kanywa kikombe chake asubuhi, jioni anatetemeka katika joto la Malindi, anapiga miayo, makamasi yanamtoka, tumbo linamwendesha, miguu inarusha mateke kitandani. Alipomweleza sista wa nyuma, sista akabinua mdomo: "Umerudia unga wewe." Alirudi nyumbani analia, mtu mzima.

"Dada, wallahi sijavuta."

Nilimwamini, maana sufuria zilikuwepo zote.

"Dawa hizi mbili hazipatani, moja nitaiacha," akasema. "Nikiacha ya kifua, nitakufa polepole. Nisipoiacha, kesho nitakuwa maskani kwa wavutaji wenzangu, na huko sirudi tena." Aliyasema haya kama mtu anayechagua samaki sokoni.

Asubuhi nikajitanda buibui langu nikaenda mbele. Sikupanga foleni. Nilisimama mlangoni kwa daktari, mwili mzima, asitoke mtu wala asiingie.

"Mama, kuna watu wanasubiri."

"Na wangu anakufa baina ya meza yako na ya mwenzio. Inuka, mwanangu, twende nyuma."

Labda aliona haya, labda alitaka nitoke mlangoni tu. Aliinuka. Tulitoka nje, tukazunguka ukuta, tukapita jaani, yeye akiinua suruali asichafue pindo, kwa sababu huko ndani hakuna njia ya kutoka huku kwenda kule. Tulipofika, yeye na sista wakapeana mikono na kuulizana majina. Wanafanya kazi kiwanja kimoja! Maiti wawili wa makaburi jirani wangejuana zaidi.

Sista aliposikia jina la dawa za kifua akajipiga kofi kwenye paji la uso. Dawa hizo huimaliza methadoni mwilini kabla ya wakati wake, akasema, na mtu akianzishiwa, kipimo cha kikombe hupandishwa. Analijua jambo hilo, alifundishwa. Hakuna aliyemwambia kwamba mgonjwa wake ana kifua, na yeye hakuuliza. Wakakubaliana kipimo kipandishwe kidogo kidogo. Mazungumzo yenyewe hayakufika muda wa chai kuchemka, na ndugu yangu alikuwa karibu afe kwa kuyakosa.

Alitulia. Alimaliza vidonge vyote, kifua kikapona.

Hapo ndipo msimamizi wa kituo alipoijua nyumba yetu. Wageni wakubwa wanakuja kukagua huduma za pamoja, akasema, wanahitaji mtu wa kutoa ushuhuda. Akamsifu mdogo wangu, akamvika kilemba cha ukoka mpaka nikataka kucheka. Kisha akaongeza, "Avae ile kanzu nyeupe. Inapendeza kwenye picha."

Siku yenyewe nilikuwa nimeshaipiga pasi. Mdogo wangu alitoka chumbani na shati lake la kila siku na ndara.

"Leo siivai, dada. Wanamtaka teja wao, na teja ndiye mimi."

Bawabu alituona tangu mbali. "Wa nyuma, nyuma! Leo kuna wageni!"

Nilifungua kinywa nimtukane tusi ambalo asingelisahau. Mdogo wangu akanishika mkono. Tukazunguka.

Sista alikuwa anammiminia kikombe chake wakati kipaza sauti kilipovuma upande wa pili wa ukuta. "Na sasa tumkaribishe ndugu yetu, mfano hai wa huduma zetu! Yuko wapi? Makofi, tumpokee!" Wakapiga makofi. Wakaita tena. Sista akamtazama.

"Wanakuita wewe."

Alikunywa mpaka tone la mwisho, akarudisha kikombe, akafuta mdomo.

"Waambie nilikuja," akasema.

Tukapita jaani kurudi nyumbani, na wao bado walikuwa wanapiga makofi.