Matundu Mawili ya Jiko la Vénérande

Zamani ukimtafuta mama mkwe wangu Vénérande asubuhi ya masika, ulikuwa humwoni, unamsikia akikohoa. Jiko lake hapa Katumba lilikuwa kijumba cha udongo chenye mlango mfupi, bila dirisha hata la kupitisha kidole. Moshi ukijaa ulijipenyeza kwenye nyasi za paa, kijumba kizima kikafuka. Yeye alikaa humo kwenye kigoda, machozi yakimchuruzika, akikuuliza habari za kwenu kana kwamba mmekaa barazani. Mimi mkwewe niliinama mlangoni nikijibu kwa kupiga chafya.

Msimwone mjinga. Juu ya mafiga palikuwa na uchaga, na kwenye uchaga huo ndipo mbegu zake zilipokaa, mahindi yenye maganda yake, meusi kwa masizi. Mwaka mdudu dumuzi alipogeuza mahindi ya kitongoji kizima kuwa unga kabla hayajafika mashineni, majirani walipanga foleni mlangoni kwake kuomba mbegu, hata wale waliokuwa wakimcheka kwa kunuka moshi kanisani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, alisema, na moshi ulitufaa. Kwake kutoboa ukuta kulikuwa sawa na kumkaribisha dumuzi mezani.

Na kama alivyotunza mbegu, ndivyo alivyotunza watoto. Kwao mtoto mchanga mahali pake ni karibu na moto, kwenye joto, ambako mbu hawafiki. Nikienda shambani alimbeba mwanangu Arcade mgongoni, akapika naye, akamwimbia Kirundi mpaka akalala. Nilimpenda sana kwa hilo.

Masika ya mwaka 1994 kuni zote zililowa. Arcade, wa miezi saba, akaanza kuhema mbiombio, mbavu zikibonyea. Tulimkimbiza zahanati, mimi na Vénérande, kwa sababu mume wangu Gervais alikuwa porini Ugalla kwenye mizinga yake ya nyuki. Nesi Imakulata alimpa dawa, kisha akauliza tunapikia wapi na mtoto anakaa wapi. Alisema atapona, ila akirudi kwenye moshi uleule ataugua tena, na safari nyingine huenda tukachelewa. Mtoto akae mbali na moto, kuni zianikwe zikauke, na ukuta wa jiko utobolewe tundu juu, moshi upate pa kutokea.

Tulipofika nyumbani, Vénérande akanyoosha mikono apewe mtoto, aingie naye jikoni kama kawaida. Nikamkatalia. Sikuwahi kumkatalia kitu tangu nilipoolewa. Akasema moshi haujawahi kumdhuru mtu nyumbani kwake, akaingia peke yake. Tukaishi hivyo siku kadhaa, yeye ndani na kikohozi chake, mimi nje na mwanangu, salamu tukipeana kwa sababu tu ya adabu. Niliumia. Nilikuwa namlinda mtoto dhidi ya mtu aliyempenda kuliko wote.

Mchana mmoja nikashindwa kuvumilia, nikaenda kuchuchumaa mlangoni pake, Arcade kifuani.

"Mama, Gervais akitaka kutoa asali huwafukizia nyuki moshi. Nyuki wanakimbia. Arcade hawezi kukimbia."

Aliuweka mwiko chini. Moto ukafifia, hakuuchochea.

"Na wangu je, mukazana wanje?" akaniuliza, akiniita mkwe wake kwa Kirundi. "Hilari na Libérate. Niliwabeba mgongoni hapahapa."

Majina hayo nilikuwa nikiyasikia kwenye sala yake ya jioni tu. Nilijua walikuwa watoto wake, wamekufa kwa kifua miaka ile ya mwanzo wakimbizi walipoletwa hapa kutoka Burundi. Sikujua walikuwa wakilelewa wapi, na sikuwahi kuuliza.

"Sijui, mama," nikamwambia. "Hakuna ajuaye. Wewe ulikuwa unawapa joto."

Machozi ya Vénérande nilikuwa nimeyazoea. Lakini siku ile moto ulikuwa umezimika kabisa, na yalizidi kumtoka. Niliingia nikamwekea Arcade mapajani, tukakaa hivyo watatu.

Kesho yake aliteremsha mahindi yote. Tukayapukuchua, tukayachanganya na majivu makavu, tukayajaza kwenye mitungi na kuiziba kwa udongo, kama bibi yake alivyohifadhi maharage. Kisha akashika jembe, akapanda juu ya kinu, akaanza kuutoboa ukuta karibu na paa. Majirani walikuja kumtania kwamba Vénérande anamfungulia mwizi. Alipomaliza tundu moja akahamishia kinu upande wa pili, akaanza jingine.

Nikamkumbusha kwamba nesi alisema moja linatosha.

"Hili la Hilari," alisema bila kugeuka. "Lile la Libérate."

Akaendelea kupiga jembe. Baadaye akaanza kupika, na akatuambia mimi na Arcade tukakae nje mpaka chakula kiive.