Gauni Lililochomwa kwa Mapenzi

Mama Pindo hakuwa mtu wa kufundishwa malezi, na alilisema hilo bila kupepesa macho. Fundi cherehani kwa miaka thelathini, jina lenyewe kapewa na wateja kwa jinsi pindo zake zilivyonyooka. Kazaa wanne, kakuza wanne, wote sasa wana kwao. Leo ofisi ya ustawi wa jamii inamwambia akae darasani Jumamosi sita, ndipo karatasi za kumwasili yule binti yatima anayeishi naye ziende mahakamani! Lo!

"Kwani wanangu niliwalea kwa cheti?" alimuuliza afisa ustawi, msichana mdogo kuliko kitinda mimba wake.

"Hapana, mama. Ila hao ulianza nao tumboni. Huyu ana miaka saba usiyoijua."

Tena kulikuwa na jambo lililomnyima raha. Binti alikuwa amefikisha miaka minane, na sheria ilitaka naye aulizwe. Mwaka mzima yuko nyumbani, anasoma, anasalimia, anaosha vyombo bila kutumwa, hadi majirani wanamwonea Mama Pindo wivu. Lakini alipoulizwa kama anataka kuwa mtoto wa nyumba ile, alitazama sakafu akasema, "Sijui." Angeulizwa tena mafunzo yakiisha, na akirudia jibu lile, angetafutiwa nyumba nyingine.

Basi akaenda. Mafunzo hayo ya wazazi walezi na wa kuasili ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza: watu tisa katika chumba cha nyuma cha ofisi, viti vya plastiki, feni inayozunguka inapojisikia. Jumamosi mbili za kwanza Mama Pindo alijifanya mwalimu wa pili. Afisa akitoa neno moja, yeye ana mifano mitatu.

"Dada, na sisi tuachie tujifunze kidogo," akanong'ona dereva wa lori aliyekuja na mkewe. Watu wakacheka, na mwenyewe akacheka.

Jumamosi ya tatu kicheko kilikatika. Afisa aliuliza swali moja tu: mtoto wako alikuja na nini, na kitu hicho kiko wapi sasa?

Dereva akasema kiatu kimoja. Kiko juu ya kabati, mtoto hataki kiguswe. Mwingine akasema kijiko. Zamu ikamfika Mama Pindo.

Binti alikuja na gauni. Gauni gani sasa! Limechanika kwapani, limefubaa, mishono ya mkono imekwenda upogoupogo. Mtoto wa nyumba ya fundi avae tambara lile, watu waseme nini? Siku ileile akamshonea magauni matatu yenye mifuko, na lile akalichoma nyuma ya nyumba pamoja na vitambaa vya mabaki. Kwa mapenzi, jamani, kwa mapenzi kabisa! Hakujiuliza hata mara moja ile mishono ni ya mkono wa nani, wala hakukumbuka kuwa mwenye mkono huo sasa yuko kaburini.

Angeweza kudanganya, nani angejua? Afisa alikuwa na kalamu mkononi, na kila kilichosemwa mle kiliingia kwenye faili.

"Nililichoma," akasema.

Afisa akaandika.

"Mtoto anajua?" afisa akauliza.

"Hajui. Hajawahi kuuliza."

"Mwambie, mama. Usingoje aulize."

"Nikimwambia si ndiyo nimempoteza?"

"Inawezekana," afisa akasema, na hakumpoza kwa maneno matamu.

Mchana huo alimkuta binti sebuleni akifanya kazi ya shule. Akajishusha sakafuni, magoti yakimlalamikia, akakaa mbele yake. Akalisema lote, bila kulizungusha. "Nilikosea, mwanangu. Halikuwa langu. Nisamehe."

Binti akamaliza mstari aliokuwa akiandika, akaweka nukta.

"Najua," alisema. "Nilikuona dirishani."

"Ukanyamaza mwaka mzima?"

"Nilidhani hapa kitu kikiwa kibaya kinachomwa." Akafunga daftari. "Ndiyo nikawa najitahidi nisiwe mbaya."

Uchungu ulimpanda Mama Pindo kuliko uchungu wowote wa kuzaa. Utii wote ule aliojivunia kwa majirani, kumbe ni hofu ya mtoto! Akamvuta kifuani akalia, hakujificha. Lile swali la kutaka kuwa mtoto wa nyumba ile hakuligusa.

Binti naye akalia, kwa sauti kubwa ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia. Kisha akaanza kumpiga ngumi za begani. "Lilikuwa la mama! Lilikuwa la mama!" Mama Pindo hakumshika mkono. "Piga, mwanangu," akamwambia. "Piga tu. Huendi popote."