Feni Isiyo na Mkanda

Siku ya arobaini yangu ya uzazi nilikuwa tayari tangu asubuhi. Nimeoga, nimefukizwa udi, mizigo imefungwa kwa leso na kupangwa mlangoni kwa mama, Mji wa Kale. Mume wangu alikuwa aje atuchukue, mimi na mwanetu wa kwanza, aturudishe kwake. Hakuja. Aliyekuja ni mwenye duka la chini, maana yeye ndiye aliyekuwa na simu.

"Bi mkubwa!" alimwita mama kutoka ngazini. "Mkweo amepiga simu, yuko Voi. Lori limechemka. Asema mkanda wa feni umekatika."

"Masikini, mwana wa watu," mama akasikitika.

Mimi nikajiuliza: Mkanda gani?

Nilipokuwa na mimba ya miezi mitano alinipeleka Shimanzi kunionyesha lori jipya alilopewa kuendesha. Akaiinua kabini, akanionyesha feni kama mtu aonyeshaye nyumba aliyojenga mwenyewe. "Tazama, bi shule. Hii haina mkanda. Pampu yasukuma mafuta kwenye paipu, mafuta yazungusha mota hii, mota yazungusha feni. Injini ikizidi moto, mafuta yasukumwa zaidi, feni yaenda mbio." Aliniita bi shule kwa kuwa mimi nilifika kidato cha nne na yeye hakufika. Nilisikiliza. Hilo ndilo alilosahau.

Alitokea siku ya tatu, kabla ya adhuhuri.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Pole na safari, baba."

"Ah, mama, tumeteseka! Mkanda wa feni! Siku mbili nzima niko chini ya lori."

Nikamwacha aseme yote. Kisha nikamwuliza: huo mkanda ulikuwa umefungwa wapi, kwenye feni inayozungushwa na mafuta?

Akacheka. Kicheko kikaishia njiani. "Wewe nawe! Ni paipu ya mafuta iliyopasuka. Nasema mkanda ili mama aelewe."

"Na kwenye simu ulisema mkanda ili nani aelewe?"

Mama akanikonyeza nikome. Sikukoma. Nikauvuta mkoba wake, nikatoa ovaroli yake ya kazi. Tangu anioe mimi ndiye niliyefua ovaroli zake, na nazijua: paipu ikivuja kidogo tu, kipande kizima cha sabuni chaisha na harufu ya mafuta iko palepale. Hii ilikuwa imekunjwa mara nne, ina mstari wa pasi miguuni, yanukia asumini.

"Huko chini ya lori kwapigwa pasi?"

Akasema fundi ndiye aliyelala chini, yeye alisimama tu kando. Hiyo ikawa hadithi ya tatu kwa kikombe kimoja cha chai.

Akainuka haraka, akashika mzigo wa kwanza. "Haya, twende zetu."

Nikaupokonya mkononi mwake. Nikaketi sakafuni, mtoto mapajani, nikaanza kufungua mafundo, leso moja baada ya nyingine.