Zoezi Lililofaulu

Gari lilimaliza kona za kushuka kutoka Mbinga, ziwa likatanda mbele yao. Mgeni waliyempa lifti, mwandishi wa safari asiyewahi kufika huku, akauliza kijiji kile kinaitwaje. Tumsifu hakumsikia. Alikuwa amehamishiwa Singida, na kabla ya kuondoka alitaka kuonana na mzee Vitalis, amwombe radhi.

Kazi yake ilikuwa kuratibu mazoezi ya maafa. Mwaka jana alipanga zoezi la mafuriko hapa: kengele ya kanisa ikilia, watu wapande kilimani, shuleni. Kengele ililia. Watu wakateremka kanisani, kando ya mto, kina mama na unga na kuni vichwani. Huku kengele ikilia nje ya saa za sala, kuna msiba.

"Nani amefariki?" aliuliza Kunigunda, mke wa Vitalis.

"Hakuna, mama. Ni zoezi tu."

"Hakuna? Basi ugali huu nitakusongea wewe!"

Wakacheka, wakanywa soda za ofisi. Bosi akapiga picha ya umati. Tumsifu akamsihi warudie kabla ya mvua kubwa, safari hii kwa king'ora.

"Watu wamejaa hivi, unataka nini tena? Andika limefaulu."

Akaandika.

Machi mto ulifurika. Katekista Florian akaikimbilia kengele, kama alivyofundishwa. Kunigunda akachota unga, akateremka. Maji yalimkuta mlangoni mwa kanisa, yakamchukua.

Sasa Vitalis alikuwa barazani, akishona wavu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakuinua macho. "Umekuja kutufundisha tena?"

"Nimekuja kuomba radhi. Na kuaga, nimehamishwa."

"Ala! Wamekupandisha cheo?"

Walikuwa wamempandisha.

"Hongera, mwanangu. Siku ya mchezo mlituletea soda. Siku ya maji hatukuwaona." Akakata uzi kwa meno. "Na mvua ijayo, tusikilize nini?"

"Niliomba king'ora, baba. Wanasema zoezi lilifaulu."

"Wanasema. Na wewe uliandika nini?"

Dereva alipiga honi. Tumsifu alisubiri neno moja, hata la tusi. Vitalis alimgeukia mgeni, aliyekuwa ameshuka naye garini, akamsogezea kigoda: "Karibu ukae, bwana. Umetoka mbali."

Tumsifu, ambaye hakukaribishwa kukaa, alipanda gari peke yake.