Sikio la Kuume la Nabintu

Mwanangu, njoo ukae hapa karibu unisikilize, maana leo nina hasira, na sitaki hasira hii ipotee bure.

Jumapili iliyopita, tulipotoka kanisani hapa Kasenga, binti wa jirani yangu alinionyesha kidani shingoni mwake, kijiwe cheusi kwenye uzi. Aliambiwa kwa ujumbe wa sauti kwenye simu kwamba kijiwe hicho kinazuia miale ya simu isimtie uvimbe kwenye ubongo. Kichwa kinamuuma tangu mwezi uliopita. Sauti hiyo hiyo ilimwambia asiende hospitali kupigwa picha ya kichwa, eti mashine itamwongezea miale juu ya miale. Nikamwuliza, “Na kichwa?” Akasema, “Bado kinauma, baba, lakini wanasema nivumilie, jiwe linafanya kazi polepole.”

Nilikaa kwenye ngazi za kanisa. Maneno yale niliyajua, kwa sababu miaka mingi nyuma niliyauza mimi.

Nilikuwa kijana fundi wa simu. Meza yangu ilikuwa kando ya barabara, na chini ya parasoli, mwavuli mkubwa wa biashara, uliokuwa karibu alikaa mdogo wangu wa kike, Nabintu, akiuza maongezi. Wakati ule watu wachache walikuwa na simu yao. Mtu alikuja kwa Nabintu, akataja namba, Nabintu akapiga, akasikiliza mpaka upande wa pili waitike, ndipo akampa mteja. Simu ilikuwa sikioni mwake tangu asubuhi hadi jua linaposhuka nyuma ya milima.

Ndipo hofu ikaingia mjini. Watu walisema simu inapika ubongo. Hawakukosa akili, mwanangu, usiwacheke. Kitu kipya unakigandamiza kichwani, kinapata moto, huoni kinachotoka ndani yake: kwa nini usiulize? Walikuja kuniuliza mimi, maana waliniita Enjenia, na jina lile lilinipendeza kupita kiasi. Ingenipasa kusema, “Sijui, tumuulize anayejua.” Badala yake nilileta vikaratasi vya kunata, vya rangi ya fedha, nikawa navibandika nyuma ya simu za watu na kusema vinakata miale.

Ngoja nikueleze upumbavu wa jambo lile, na ukilielewa hutadanganywa tena. Simu huongea na antene, ule mnara wa simu, kwa mawimbi. Hayo mawimbi ndiyo maongezi yenyewe. Kama kikaratasi kingeyazuia yote, simu isingempata mtu yeyote. Kama kingezuia nusu, simu ingejikaza kutoa nguvu zaidi ili ifike kwenye antene. Kwa hiyo kikaratasi changu ama hakikufanya kitu, ama kilifanya kinyume. Na mimi fundi, niliyefungua simu kila siku, nilijua. Hilo ndilo linaloniuma. Sikudanganywa, nilidanganya.

Pamoja na vikaratasi nilitoa mashauri. Nilisema, badilisheni masikio, hili likichoka tumieni lile. Siku moja nikagundua kwamba Nabintu anashika simu upande wa kushoto tu. Hata mkono wake wa kushoto ukiwa na kalamu, aliiweka kalamu chini kwanza. Nikamsifu mbele ya wateja.

“Muone mudogo wangu,” nikasema. “Yeye anasikiaka nikisema. Sikio ya kuume ameipumuzisha.”

Nabintu, aliyeniita yaya kwa kuwa mimi ni kaka yake mkubwa, akacheka. “Yaya Enjenia, ya kuume imeisha kuiva. Nabakisha hii ya kushoto nisikose ya kusikilia matusi yako.”

Wote wakacheka, na mimi nikacheka kuliko wote. Mwanangu, alikuwa ananiambia ukweli. Sikio la kuume halikusikia tena, na ndani yake kulikuwa na mlio usiokatika, kama wa nyenze. Mimi nikaona busara pale palipokuwa na ugonjwa.

Baadaye kichwa kikaanza kumuuma na kizunguzungu kikaja. Alikuwa akigusa ukuta anapotembea. Mama alitaka apelekwe kwa daktari. Mimi nikasema hapana, dawa ni kumtoa kwenye miale. Nikampandisha Rurambo kwa shangazi yetu, dada ya baba, anayechunga ng'ombe kule juu. Wakati ule hapakuwa na antene kule. Nilijiona mjanja: maziwa, baridi, kimya, na hakuna simu hata moja. Nikamwambia, “Pumuzisha kichwa, utarudi muzima.” Akaniamini. Alikaa miezi mitatu.

Shangazi alishuka naye bila kututumia habari. Walitembea mpaka kwenye tambarare ya Ruzizi, wakapanda pikipiki, wakanikuta mezani kwangu na wateja wakinisubiri. Nabintu alikuwa amekonda. Alishika mkono wa shangazi kama kipofu, na macho yake yalikuwa mazima. Shangazi hakunisalimia. Alimsimamisha katikati yetu, akasimama kuume kwake na kumwita kwa sauti ya kawaida, “Nabintu.” Nabintu aliendelea kutazama barabara. Akamwita tena. Kimya. Akazunguka kushoto: “Nabintu.”

“Abe, shangazi.”

Shangazi akanigeukia. “Umeona? Juzi ng'ombe imemuangusha kwa ule upande. Iko nyuma yake inalia, yeye hasikie. Weye umekuwa naye hapa kila siku, hukuona?”

“Shangazi, ni telefone,” nikasema. “Miale imemuharibu, itachukua wakati kutoka.”

“Telefone gani? Kule kwangu telefone iko wapi? Antene iko wapi?” Hakupaza sauti. “Miezi tatu amekunywa maziwa na kulala. Kama ni telefone ilikuwa inamuuwa, mbona kule anazidi kuanguka? Miye ng'ombe yangu ikikonda, naitoa ku majani mubaya naipeleka ku mazuri. Ikiendelea kukonda, siendelee kutukana majani. Naangalia ng'ombe.”

Mteja mmoja akasema polepole kwamba Enjenia anajua mambo ya mashine. Shangazi akamtazama. “Huyu mutoto ni mashine?”

Nilifunga meza.

Sitakusimulia safari zote, Bujumbura kupigwa picha, halafu Kigali kupasuliwa. Picha ilionyesha uvimbe kwenye mshipa wa kusikia, upande wa kuume. Haukuwa kansa. Ni aina inayokua polepole sana, miaka na miaka, na sasa ulikuwa umefikia kugandamiza ubongo. Nilimwuliza daktari swali lililokuwa likinichoma: je, simu zimemfanyia hivi?

Alinijibu kwa upole, na tangu siku ile nimekuwa nikifuatilia jambo hili. Alisema uvimbe kama ule ulikuwepo duniani kabla ya simu, na huenda wa Nabintu ulianza kabla hajashika simu ya kwanza. Alisema mawimbi ya simu ni dhaifu, si kama miale ya mashine ya kupigia picha mifupa, na kwamba wataalamu wamechunguza muda mrefu bila kuthibitisha kwamba yanaleta uvimbe wa ubongo. Wanaendelea kuchunguza, kwa sababu mtu mwaminifu hafungi mlango mapema. Kisha akaniuliza yeye.

“Aliacha kusikia lini?”

Nikahesabu kwa vidole. Nikakumbuka siku ya kicheko. Nikamwambia.

“Wakati ule uvimbe ulikuwa mdogo,” akasema. “Tungekuwa na nafasi kubwa ya kuutoa bila kugusa mshipa wa uso.”

Nabintu aliishi, Mungu ashukuriwe. Ana watoto, anaimba kanisani. Lakini sikio lile halikurudi, na upande wa kuume wa uso wake ulilegea. Jicho halifumbi vizuri, na kwenye picha za familia anageuza kichwa. Niliwahi kumwuliza kwa nini hakuniambia wazi kwamba hasikii. Akajibu, “Ulisema nikiipumuzisha itapona. Nilikuwa nangoja.”

Kwa hiyo usiniulize kwa nini nina hasira. Sina hasira na anayeogopa. Hofu inaomba maelezo, na kila mtu anastahili kuelezwa kwa utulivu, hata mara kumi. Hasira yangu ni kwa anayeichukua hofu hiyo na kuifanya biashara. Wewe kijana unayebandika vikaratasi barabarani, na wewe unayerekodi sauti nzito kama ya daktari ukiuza vijiwe: hasara ya kijiwe chako si kijiwe. Ni miezi ambayo mgonjwa anakaa akingoja. Hiyo umemwibia, na huwezi kumrudishia. Mimi nimejaribu maisha yangu yote.

Ukiona simu inakutia wasiwasi, mwanangu, yapo ya kufanya yasiyohitaji kununua kitu. Ongea kwa kifupi. Weka kipaza sauti, simu iwe mbali na kichwa. Mahali ambapo rezo, yaani mtandao wa simu, ni hafifu, kama kwenye mabonde ya Bijombo, ngoja ufike penye rezo nzuri, maana pale simu hujikaza zaidi. Hayo yanatosha, kisha ulale kwa amani. Lakini usiipe simu lawama ya kila kichwa kinachouma, kwa kuwa ukishapata wa kumlaumu, unaacha kumtazama mgonjwa.

Binti wa jirani nilikwenda naye kituo cha afya Jumatatu. Bado wanampima, sijui watakuta nini, wala sitajifanya najua. Kidani bado amekivaa. Sikumlazimisha kukivua. Nilimwomba tu asikingoje.

Mungu akulindie macho yako na kusikia kwako, akupe ujasiri wa kusema “sijui” mbele ya watu wanaokusifu, na nyumba yako isikose mtu kama shangazi yangu.

Na leo, kabla hujala, mwite kila mtu wa nyumbani kwako kwa sauti ya kawaida, mara moja upande wa kuume na mara moja upande wa kushoto, naye azibe sikio la upande wa pili. Asiyeitika upande mmoja, au ambaye kichwa kinamuuma kila siku bila kuacha, mpeleke kwa daktari kesho asubuhi.