Rudieni Pale Anapoanguka

Nikipita nyuma ya soko la Karatu siku ya mnada, harufu ya magunia ya mkonge yaliyobebewa kahawa hunifikia kabla sijayaona. Wengine wanasema inanukia vizuri. Mimi hutema mate na kuvuka barabara, kwa mwendo wangu huu wa kuchechemea ambao vijana huuiga nikishawapa kisogo. Ngojeni niwaambie mguu huu uliharibikaje. Nitataja majina, maana wao hawakunionea haya, na mimi sina sababu ya kuwaonea.

Mwishoni mwa miaka ya sabini wazazi wangu walikuwa vibarua kwenye shamba moja la kahawa Oldeani. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la nne. Mwalimu wetu, Eliasi Sulle, alipenda maigizo kuliko hesabu. Kwa ajili ya sikukuu ya wakulima akatunga igizo la enzi za mkoloni: mtoto mchuma kahawa anamwaga kikapu, nyapara anamsukuma, mtoto anaanguka, wazazi wanaamka kudai haki. Nyapara akawa Daudi Margwe, karani wa ghala, mtu wa sauti nene. Mama alisema huyo hana haja ya mazoezi. Mtoto nikawa mimi.

Jukwaa lilikuwa mbao zilizolazwa juu ya mapipa, kwenye sakafu ya saruji ya kuanikia kahawa. Kimo chake kilinifika kifuani. Pazia lilikuwa mablanketi matatu yaliyoshonwa pamoja, moja la kwetu, lile lililoungua pembeni. Kwa nyuma, mahali watazamaji hawaoni, Mwalimu alipanga magunia manne yaliyojaa maganda ya kahawa. Kazi yangu nikisukumwa ni kurudi nyuma hatua mbili, kupiga kelele na kudondokea huko. Maganda yalichomachoma mgongoni kidogo, basi. Nami nilipenda kuanguka kule. Nyumbani tulikuwa saba, na hakuna aliyewahi kunitazama mimi peke yangu.

Mwalimu alitufundisha na kuinama. Pazia likifungwa na kufunguliwa tena, tushikane mikono, tuiname, tuhesabu kimoyomoyo moja mpaka tatu. "Ukiinuka mapema umewatukana wageni," alisema.

Siku yenyewe ukungu ulichelewa kuondoka. Mbele kulikuwa na viti vya wageni, katikati yao mgeni rasmi aliyetoka Mbulu, mtu mnene, kofia magotini. Jina lake sikulishika. Ningelishika ningeliandika hapa. Vibarua walisimama nyuma. Nilipoanguka watu waliguna, na mama mmoja akamtukana Margwe kwa Kiiraqw mpaka wenzake wakaangua kicheko. Mwisho ulipofika tukainama. Jamani, makofi yale niliyahisi mpaka tumboni, kama uji wa moto asubuhi ya baridi.

Pazia lilipofungwa, Margwe alivua kofia ya unyapara akawa karani tena. Mmoja wa wabebaji wa magunia ndiye aliyekuja kuniambia baadaye maneno yake: "Haya, magunia yarudi ghalani. Nafunga saa kumi. Sikukuu ni yenu, ufunguo ni wangu." Mimi sikuona yakibebwa. Nilikuwa nimebandika jicho kwenye tundu la blanketi, namtafuta mama.

Ndipo mgeni rasmi aliposimama, huku akipiga makofi, na viti vyote vya mbele vikasimama naye. "Mwalimu," akaita, "rudieni pale anapoanguka. Pale pale tu."

Mwalimu Sulle akachungulia nyuma ya jukwaa. Akanitazama, akalamba midomo.

"Yuliana, unaweza tena?"

Swali gani hilo la kumwuliza mtoto? Nikasema naweza, Mwalimu.

"Basi fanya haraka."

Pazia likafunguliwa, na Margwe, kofia kichwani tena, akanisukuma kwa nguvu kuliko mwanzo, kwa kuwa sasa watu walikuwa wamesimama. Nikarudi hatua mbili, nikapiga kelele, nikadondoka.

Nilikutana na saruji. Kitu kikalia nyongani kama tawi kavu la mti wa kahawa likivunjika. Nikapiga kelele ya pili, ambayo haikuwemo katika igizo, na kule mbele wakashangilia kuliko mara zote. "Huyu mtoto anajua," nikasikia mtu akisema. "Tena, tena." Mwalimu akanishika kwapa moja, Margwe la pili, wakanipandisha jukwaani.

"Inama," Mwalimu akaninong'oneza. "Wageni wanaangalia. Inama kwanza, nitakupeleka."

Nikainama. Moja. Mbili. Tatu sikuifikia, niliamka nikiwa ndani ya machela ya blanketi letu.

Mfupa uliungwa na mganga wa mifupa kule Buger, kwa vibanzi na mafuta ya kondoo, ukaunga vibaya. Shule ilikuwa mwendo wa saa nzima wa kupanda mlima, kwa hiyo darasa la nne likawa la mwisho. Margwe aliwaambia wazazi wangu kwamba niliruka ovyo, na Mwalimu, aliyekuwa amesimama pembeni yake, hakumkanusha. Baba akasema ni kiherehere changu. Nikakubali, maana nilijua nilivyoyapenda yale makofi. Miaka mingi niliamini nimepata nilichokitaka.

Juzijuzi nilimkuta Sulle msibani Karatu, mzee sasa, ameshika kikombe cha chai kwa mikono miwili. Nikamwamkia shikamoo, kwa sababu nililelewa. Kisha nikakaa karibu yake.

"Mwalimu, siku ile ulichungulia nyuma. Hukuona kwamba magunia hayapo?"

Akakiweka kikombe chini.

"Niliona, mwanangu."

"Sasa?"

"Mgeni rasmi alikuwa ameshasimama. Ningemwambiaje asubiri?"

Mtoto yule aliyeinama jukwaani alidhani watu wazima hawakujua. Walijua wote wawili: Daudi Margwe aliyeyaondoa magunia kisha akanisukuma, na Eliasi Sulle aliyeona saruji tupu akaniambia nifanye haraka. Ghala lilikuwa hatua kumi na tano tu kutoka pale. Mgeni angesubiri, na kama miguu ingechoka, angekaa mwenyewe.